Injini ipi kwa gari jepesi? Somo la karakana moja ya Chinsapo

Na Mwanachama Wetu, Lilongwe

CHINI ya mwembe mmoja hapa Chinsapo, pembeni mwa jiji la Lilongwe, kuna fremu ya gari iliyochomelewa kwa mabomba ya chuma ya mraba. Watu wanne huibeba bila kutoka jasho. Haina bodi, haina viti, na kwa muda wa miezi minane haikuwa na injini. Akina mama wanaotoka sokoni huuliza kama ni kitanda au ni banda la kuku. Vijana wa karakana hujibu kwa fahari kwamba ni gari la spoti, la watu wawili.

Ndugu msomaji, usicheke. Waliojitolea kwa kazi hii ni mafundi saba: wachomeleaji wawili, fundi umeme mmoja, mpiga rangi mmoja na makanika watatu, mmojawapo akiwa mwandishi wa makala haya. Baadhi yetu ni wenyeji wa Malawi, wengine wametoka Kongo na Burundi. Tunaelewana kwa Kichewa na Kiswahili, na mambo yakiwa magumu tunaelewana kwa spana.

Hatujengi gari hili ili tutambe mjini. Wengi wa mafundi hawa wameshika nyundo tangu utoto, lakini hawana cheti hata kimoja. Mwenye kazi akiuliza, "Karatasi yako iko wapi?" fundi hana la kuonyesha ila mikono yake. Gari hili ndilo tulilotaka liwe karatasi yetu. Mtu akilitazama, aone kuwa hawa watu wanajua kuchomelea, wanajua umeme, wanajua breki, na zaidi ya yote wanajua kufikiri kabla ya kukata chuma.

Hapo kwenye kufikiri ndipo tulipoanguka mara ya kwanza.

FEDHA ZILIPOTEA MARA MOJA

Tulikuwa tunachanga upatu kila Jumamosi. Fedha zilipotosha, tulikwenda mjini kwa muuzaji mmoja wa injini kuukuu. Injini ilikuwa imepakwa rangi ya fedha ikang'aa kama sahani mpya. Muuzaji alituita ndugu zake, akatuapia kuwa imetoka Japani wiki ileile. Tuliipenda kwa macho, tukaibeba. Siku ya kwanza ilipowashwa, mafuta yaligeuka yakawa kama chai ya maziwa: bloki lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma na kufunikwa kwa rangi. Muuzaji hakuonekana tena. Miezi mitano ya upatu ikaenda na maji.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulianza upya kuchanga. Lakini safari hii kila mtu alijua kuwa hakuna upatu wa tatu. Mmoja wetu alikuwa ameahirisha kulipia shule ya mwanawe. Injini ya pili ikiwa mbaya, karakana ingevunjika na urafiki wetu pia.

Kwa hiyo tulikaa chini, tukabishana wiki tatu nzima. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi nilikuwa upande wa wale waliotaka injini kubwa. Yaliyonibadilisha mawazo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa manufaa ya mafundi wengine wanaotaka kuunda gari, trekta dogo, au chombo chochote chepesi.

UZITO NDIYO HESABU YA KWANZA

Mtu akisikia gari la spoti, mawazo yake hukimbilia kwenye nguvu za farasi. Hili ni kosa. Gari jepesi lina elimu yake, na elimu hiyo ni ya zamani.

Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Uingereza, iliyoanzishwa na mhandisi Colin Chapman, ilitoa gari lililoitwa Seven. Lilikuwa na fremu ya mabomba na mabati mepesi ya alumini, halina mlango wala paa la maana. Uzito wake haukufika kilo 500. Injini yake ya mwanzo ilikuwa ya Ford, ya sentimita za ujazo 1,172, yenye valvu za pembeni, na nguvu zake zilikuwa za farasi 40 hivi tu. Leo hata kigari kidogo cha kwendea sokoni kina nguvu kuliko hiyo. Lakini Seven lilishinda mashindano kwa sababu injini ile ndogo haikuwa na mzigo wa kuburuta.

Gari hilo liliuzwa kwa vipande, mnunuzi akaliunga mwenyewe nyumbani. Sababu ilikuwa kodi: kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, gari lililouzwa kwa vipande halikutozwa kodi ya mauzo iliyotozwa gari zima. Nafuu hiyo iliondoka mwaka 1973 mfumo wa kodi ulipobadilishwa, na mwaka huohuo Lotus ikauza haki za Seven kwa kampuni ya Caterham, ambayo imeendelea kuliunda. Mwaka 2013 Caterham ilitoa aina yenye injini ya Suzuki ya silinda tatu, ya sentimita za ujazo 660 na turbo, nguvu za farasi 80, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 490.

Sisi tulifanya hesabu yetu kwa njia yetu. Tuliazima mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, ile ya kupimia magunia ya kilo 50, tukapima kila kitu kimoja kimoja: fremu, magurudumu, ekseli, viti, tangi, hata betri. Tuliandika ubaoni. Jumla, bila injini na giaboksi, ilikuja kilo 390.

Sasa chukua Corolla ya kawaida yenye injini ya 4A-FE. Ina uzito wa kilo 1,050 hivi na nguvu za farasi kama 110. Gawanya: kila farasi mmoja anavuta kilo tisa na nusu. Tia watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, inakuwa karibu kilo kumi na moja kwa kila farasi. Gari letu likipata farasi 70 tu, na uzito wake wote pamoja na injini ukawa kilo 540, kila farasi atavuta chini ya kilo nane. Pamoja na watu wawili itakuwa kilo tisa na robo tatu hivi. Maana yake ni kwamba kwa farasi 70 tunaipita Corolla ya farasi 110 wakati wa kuondoka.

Hesabu hiyohiyo ina onyo ndani yake. Katika gari zito, abiria hawaonekani. Katika gari jepesi abiria wawili ni zaidi ya robo ya uzito wa gari. Mahali wanapokaa, na mahali injini inapokaa, ndipo panapoamua kama gari litashika barabara au litateleza kwenye kona.

INJINI NNE UBAONI

Ubaoni tuliandika injini nne ambazo fundi wa Lilongwe anaweza kuzipata bila ndoto.

Ya kwanza ilikuwa injini ya pikipiki. Vijana waliipenda kwa sababu pikipiki za kabaza zimejaa kila kona na vipuri vyake vinauzwa hata dukani kwa sabuni. Ni kweli pia kwamba huko Ulaya wapo wanaounda magari mepesi kwa injini za pikipiki kubwa za sentimita za ujazo 1,000, nazo hukimbia sana. Lakini pikipiki ya kabaza ni ya 100, 125 au 150. Hiyo ya 150 ina farasi kama 12. Haina gia ya kurudi nyuma, na klachi yake iliundwa kumvuta dereva na abiria, si kilo 500 za chuma kupanda mlima. Kwa mkokoteni wa shambani inafaa. Kwa gari la barabarani ni kuua injini na kumweka dereva mbele ya lori linalomfukuza.

Ya pili ilikuwa injini ya kisasa ya gari dogo la Japani, kama hiyo 4A-FE au 1NZ-FE, ambayo bloki lake ni la alumini na ni jepesi. Hii ndiyo niliyoipigania. Ina nguvu, hainywi sana, na Lilongwe imejaa magari yenye injini hizo. Lakini tazama inavyokaa ndani ya gari lake: imelala kwa upande, na giaboksi yake inazungusha magurudumu ya mbele. Fremu yetu ilichorwa kwa mtindo wa Seven, injini mbele ikielekea nyuma, propela shafti katikati, difu nyuma. Kuigeuza injini ya namna ile ielekee nyuma kunahitaji giaboksi nyingine, bamba la kuunganisha, na mashine ya kuchongea ambayo hatuna. Njia nyingine ni kuichukua yote, pamoja na giaboksi na magurudumu yake, na kuihamishia nyuma ya viti. Toyota wenyewe walifanya hivyo kwenye MR2 mwaka 1984, na Lotus katika Elise ya mwaka 1996. Njia hiyo ni nzuri, lakini kwetu ingekuwa kukata fremu na kuanza upya. Tena injini hizi zinaongozwa na kompyuta. Waya mmoja ukikatwa vibaya, sensa moja ikikosekana, injini nzima inanyamaza.

Ya tatu ni injini ya kile kigari kidogo cha mizigo cha Suzuki Carry, ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kirikuu. Ina silinda tatu, sentimita za ujazo 660, imekaa kwa urefu na inazungusha magurudumu ya nyuma. Ni ya ukoo uleule wa ile ya Caterham, ila kirikuu wengi hawana turbo, na nguvu zao ni farasi 50 au pungufu. Kwa uzito, hii ndiyo mshindi. Lakini hapa Lilongwe kirikuu hawaonekani kila siku kama Dar es Salaam. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, itakubidi umtume mtu mpaka ng'ambo ya mpaka wa Songwe.

Ya nne ni injini ya vani za zamani za Toyota, LiteAce na TownAce, iitwayo 5K. Ina sentimita za ujazo 1,486, bloki la chuma, valvu zinazosukumwa kwa fimbo, na kabureta. Farasi wake ni 70 hivi. Imekaa kwa urefu, giaboksi imefuata nyuma yake, halafu propela shafti, halafu difu. Haina kompyuta ya kuipa ruhusa ya kuwaka. Ni injini ya kizee, isiyo na sifa mbele ya vijana. Ubaya wake ni uzito wa chuma na kelele.

Dizeli za Hiace hatukuziandika kabisa. Injini na giaboksi yake ni zaidi ya kilo 200, yaani zaidi ya magunia manne ya mahindi juu ya magurudumu mawili ya mbele.

SWALI LA MZEE WA DZALEKA

Mabishano yalipokwama, tulikubaliana kumwendea mzee mmoja aliyetufundisha wengi wetu kazi. Zamani alikuwa na karakana yake Lilongwe. Mwaka 2023 Serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, naye alifunga zana zake akarudi. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu, na leo wamezidi 50,000. Katikati ya msongamano huo mzee anatengeneza baiskeli, majiko na mashine za kusagia, na bado akisikia mlio wa injini anajua silinda ipi imechoka.

Tulimkuta amekaa kwenye tairi. Tukamsalimu, "Shikamoo, Papa." Tukamweleza injini zote nne, farasi zake na kilo zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Ikifia njiani usiku, nani ataitengeneza, na kwa nini?"

Hatukuelewa. Akaeleza: "Nani, yaani ni mtu gani kati yenu. Kwa nini, yaani kwa kitu gani: spana ipi, kipuri kipi, mmekibeba au kiko wapi. Injini ambayo swali hili halina jibu, hiyo siyo yenu. Ni ya mtu mwingine, mmeazima tu."

Nilimjibu kuwa fundi umeme wetu anajua kompyuta za magari. Akaniuliza kama anacho kile chombo cha kusomea makosa. Nikasema huwa tunaazima. Mzee akacheka, akasema, "Basi hata injini yenyewe mtakuwa mnaazima." Nilinyamaza. Tangu siku hiyo sikuitaja tena 4A-FE.

MAMBO YA NCHI HII YASIYOANDIKWA KWENYE VITABU VYA JAPANI

Mzee alitukumbusha pia kuwa injini haifanyi kazi angani, inafanya kazi mahali. Kuna mambo matatu ya mahali petu ambayo kila fundi ayajue.

Kwanza, mwinuko. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo farasi 70 za kwenye karatasi ni farasi 63 hivi hapa kwetu. Farasi 50 za kirikuu zinabaki 45. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari hutoa petroli nyingi mno huku juu, plagi zikawa nyeusi.

Pili, petroli yenyewe. Tangu mwaka 1982 Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli inayotokana na molasi ya viwanda vya sukari, kuanzia Dwangwa. Ni jambo la busara kwa nchi isiyo na bandari. Lakini ethanoli hula mipira ya zamani, hulegeza uchafu uliolala ndani ya tangi kuukuu na kuupeleka kwenye jeti za kabureta, na hunyonya maji gari likisimama muda mrefu. Anayefunga injini ya kabureta abadilishe mabomba yote ya mpira, asafishe tangi mpaka ling'ae, na aweke chujio mbili.

Tatu, uhaba. Kila mwenye gari hapa anaijua foleni ya petroli iliyotutesa miaka ya karibuni kwa ukosefu wa fedha za kigeni. Gari linalokunywa sana ni mapambo. Ndiyo maana vijana wengine walitaja mota ya umeme, wakakumbusha kuwa Chuo Kikuu cha Makerere kiliunda Kiira EV, gari la watu wawili linalotumia betri, mwaka 2011. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Ila betri za kazi hiyo zingemeza upatu wa miaka, na umeme wetu nao una siku zake.

WALIOTANGULIA WANASEMA NINI

Sisi si wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuunda gari. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nchi. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, nayo yalikimbia kilomita 120 kwa saa. Matano yaliundwa, lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mafundi walithibitisha kuwa wanaweza. Kilichokosekana ni mnyororo wa vipuri, mtaji na wanunuzi nyuma yao.

Baadaye, nchini humohumo, kampuni ya Mobius ilichukua njia nyingine: fremu ya mabomba iliyoundwa Kenya, na injini ya petroli ya lita 1.6 iliyonunuliwa tayari. Gari lilitoka na likauzwa. Hata hivyo mwaka 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa sababu ya mzigo wa gharama na madeni, kabla ya mnunuzi kujitokeza.

Kwa mfanyakazi, hesabu ni hii: kuunda injini ni kazi ya taifa zima, kuunda gari ni kazi ya kampuni, lakini kuchagua injini iliyopo na kuifunga vizuri ni kazi inayowezekana kwa karakana ya watu saba. Tusijidharau, wala tusijidanganye.

TULIVYONUNUA MARA YA PILI

Hatukununua injini. Tulinunua gari zima lililokufa: LiteAce iliyogongwa ubavuni, mlango umeingia ndani, sehemu ya mbele salama. Siri ya kazi hii ni hiyo. Ukinunua injini peke yake, utaendelea kununua: giaboksi, propela shafti, rejeta, waya, pedali, mikono ya kushikia injini. Kila kimoja kina bei yake na muuzaji wake. Ukinunua gari moja lililogongwa, vyote vimekwisha kukutana tayari na vinafahamiana.

Safari hii macho hayakutosha. Kila mwanachama anayenunua injini kuukuu afanye haya kabla ya kutoa hata kwacha moja:

Izungushe krenki kwa mkono. Iende laini, isikwame mahali. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona povu jeupe, ondoka. Fungua rejeta, ukiona mafuta yanaelea, ondoka. Kwangua rangi mpya kwa kisu uone imeficha nini. Kisha omba iwashwe ikiwa baridi, na utazame moshi: wa buluu ni mafuta yanaungua, mweupe usioisha ni maji.

Mwisho toa plagi zote, ufunge geji ya kupimia msukumo wa silinda, na uzungushe starta huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini nzuri ya petroli ya aina hii hutoa kiasi cha pauni 150 mpaka 180 kwa inchi mraba. Muhimu kuliko namba yenyewe ni usawa: silinda ya chini isipungue kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 ya ile ya juu. Iliyo dhaifu, itie kijiko kimoja cha mafuta ya injini kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi.

Yetu ilitoa 150, 155, 150 na 140. Si msichana, lakini si maiti.

FEDHA ZILIZOBAKI ZILIKWENDA KWENYE BREKI

Baada ya kununua, fedha zilibaki. Vijana walitaka rimu za kung'aa. Hapo nilisimama imara, na kwa bahati wachomeleaji waliniunga mkono.

Vani ile iliundwa kubeba mzigo nyuma. Breki zake za nyuma ni kali kwa sababu hiyo. Ukizifunga kama zilivyo kwenye gari jepesi lisilo na mzigo, magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya yale ya mbele, na gari litageuka lenyewe katikati ya barabara. Tuliweka silinda ndogo zaidi kwenye magurudumu ya nyuma, mabomba mapya ya breki, na valvu ya kupunguza msukumo wa nyuma. Tulijaribu polepole kwenye uwanja wa vumbi, mtu mmoja akitazama magurudumu, tukarekebisha, tukajaribu tena.

Bomba la petroli tulilipitisha mbali na ekzosi. Bamba la chuma limesimama kati ya injini na miguu ya dereva. Nguzo ya kukinga vichwa gari likipinduka imefungwa kwenye fremu yenyewe, siyo kwenye mabati. Injini yenyewe tuliirudisha nyuma kadiri ilivyowezekana, karibu na miguu ya dereva, ili uzito wa chuma ule usilale wote mbele. Mwenye injini nzito afanye hivyo. Ndiyo dawa yake.

Difu ya vani ina gia fupi, kwa hiyo gari letu linaondoka kwa hamu lakini halitakimbia sana kwenye M1. Hatujutii. Dereva wake ni kijana wa miaka ishirini na mbili, na mama yake anaishi nyumba ya pili kutoka karakana.

LILILOBAKI

Injini iliwaka siku ya Jumapili, jua likizama. Mpiga rangi, ambaye mwanawe hakuwa amelipiwa shule, alikaa pembeni akisikiliza bila kusema kitu. Ilipotulia ikawa inanguruma sawasawa, aliinuka akaenda kunawa mikono.

Gari bado halijaingia barabarani, wala halitaingia kwa wizi. Litapelekwa kukaguliwa na Idara ya Usalama Barabarani. Tunawashauri wenzetu wafanye tusilolifanya sisi mapema: waende kuuliza masharti ya usajili na ukaguzi kabla ya kuchomelea bomba la kwanza, siyo baada ya rangi.

Kwa chama chetu tuna ombi moja. Nchi hii ina utaratibu wa mitihani ya ufundi chini ya TEVETA. Wapo mafundi wengi wanaoweza kuifaulu kwa mikono, lakini wamezuiwa na ada, lugha, au kutojua mlango wa kuingilia. Viongozi wetu wa matawi watusaidie kuwakusanya, kuwaandalia masomo ya jioni kwa lugha wanayoielewa, na kuwaombea wakaguliwe kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Kwa walioko Dzaleka, ambao ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi ni suala lingine gumu, chama kiendelee kulisemea bila kuchoka. Ufundi haukai kambini kwa kupenda.

Na wewe, ndugu fundi, unayetaka kuchagua injini, usianze kwa kuuliza ina farasi wangapi. Pima chombo chako. Tazama injini inaelekea upande gani. Pima msukumo wa silinda. Kisha jiulize lile swali la mzee: ikifia njiani usiku, nani ataitengeneza, na kwa nini?

Ukiwa na jibu, toa fedha zako.